Goti likishapasuliwa, matunzo ni ya maisha

Kuna swali moja ambalo kijana aliyepasuliwa goti hupenda kuuliza kabla ya mengine yote: nitarudi uwanjani lini? Mimi mwenyewe nililiuliza zamani, nilipokuwa mwalimu mjini Lodwar. Na Desemba iliyopita, nilipokwenda Kakuma kumtazama jamaa yangu, niliulizwa swali lilo hilo na kijana ambaye nilikuwa sijapata kumwona.

Jua lilikuwa limepoa. Kando ya mto Tarach, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu, vijana walikuwa wakisakata kabumbu katika kiwanja kilichozungukwa na miti ya mathenge. Walikuwa wamechanganyika, Waturkana wenyeji na vijana wa kambini. Huyu wangu alikuwa ameketi pembeni juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho Mturkana hukalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Ni mwendeshaji wa boda boda, naye hucheza katikati ya uwanja. Alikatika kano ya goti la kulia mapema mwaka huo, na mwezi wa Agosti akapasuliwa Eldoret. Ili apate gharama za safari na matibabu, nyumba yao iliuza mbuzi wengi na ngamia mmoja.

"Mwalimu, haliumi tena," aliniambia, huku akilipiga goti kwa kiganja kama mtu achaguaye tikiti maji sokoni. "Jumamosi kuna mechi. Hata nusu moja tu siwezi kucheza?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilipandisha suruali nikamwonyesha goti langu la kushoto, lenye kovu refu na uvimbe ambao hauondoki. Kisha nikamwomba anisaidie kuinuka, maana baada ya kuketi chini muda mrefu siwezi kusimama bila kushika kitu.

Goti hilo liliumia mwaka 1996 katika mechi ya kirafiki baina ya walimu na watumishi wa serikali pale Lodwar. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nakimbilia mpira, nikasimama ghafla nigeuke, mguu ukabaki pale pale ardhini na mwili ukaenda zake. Nikasikia kitu ndani kikilia kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama kibuyu.

Wenzangu walisema nimeteguka tu. Nikapelekwa kwa mkandaji mashuhuri, akalivuta na kulikanda hadi nikatokwa na machozi. Baada ya majuma matatu uvimbe ulipungua nami nikarudi uwanjani. Goti likanitoka mara ya pili, na safari hii likakwama, halikunjuki wala halikunjiki. Mwaka uliofuata nilipasuliwa katika hospitali moja mbali na Turkana. Kano ikajengwa upya, na kipande cha gegedu kilichochanika kikatolewa. Nilipotolewa nyuzi niliambiwa kwamba nimepona. Sikuonyeshwa zoezi hata moja wala kuambiwa nini kitakachofuata baada ya miaka kumi au ishirini. Yote haya nimeyajua kwa kusoma na kwa kuuliza, baada ya madhara kuingia.

Kamba ya mzigo wa punda

Goti ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Mfupa wa paja hukutana na muundi, na mbele huwa kuna pia ya goti. Mifupa hiyo hufungwa kwa kano, zile nyuzi ngumu ambazo wengi wetu huziita mishipa. Ndani kabisa kuna kano mbili zilizopishana kama herufi X. Ile ya mbele, ambayo ndiyo hukatika sana michezoni, kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na kulizuia goti lisizunguke ovyo.

Katika ncha za mifupa mna gegedu, utando mweupe, laini na wenye utelezi. Na baina ya mifupa miwili mna vipande viwili vya gegedu gumu zaidi vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hupokea kishindo cha kila hatua.

Yeyote aliyewahi kuhama na mifugo ataelewa upesi. Kano ni kama kamba ifungayo mzigo juu ya punda. Ikikatika nusu, mzigo hauanguki papo hapo, ila unacheza kwa kila hatua, na ngozi ya punda ndiyo inayochubuka. Gegedu ndilo ngozi hiyo. Tofauti ni kwamba ngozi ya punda hupona. Gegedu halina mishipa ya damu, na likishachakaa mwili hauna njia nzuri ya kulitengeneza. Halina neva pia, na kwa hiyo huweza kulika kwa miaka bila mwenyewe kuhisi lolote. Uchungu unapoanza, kazi imeshafanyika.

Kano hii hukatika mara nyingi bila kugongwa na mtu: kusimama ghafla, kugeuka mguu ukiwa umeshika ardhi, au kutua vibaya baada ya kuruka. Anayeruka katika ngoma ya edonga hutua kwa miguu miwili. Mchezaji anayegombea mpira wa kichwa hutua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kimegeukia kwingine. Siku hizi pikipiki nazo zimeongeza majeruhi. Dereva huzama mchangani, akatoa mguu ili asianguke, na uzito wote wa chombo na abiria ukalipinda goti.

Ishara kubwa ni ile ya kibuyu. Goti likivimba ndani ya saa chache tu baada ya kuumia, jua kwamba pengine damu imevujia ndani, na mara nyingi ni kano iliyokatika. Si jambo la mkandaji. Si lazima pia uanzie kwenye mashine kubwa. Tabibu aliyefunzwa anaweza kulikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi kwa mwingine, akajua kama kamba imekatika. Eksirei itaonyesha kama mfupa umevunjika lakini kano haitaonekana. Picha ya MRI ndiyo inayoionyesha, na mtu wa Turkana mara nyingi huifuata Eldoret.

Kisu hakirudishi ujana

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijana wa Kakuma hakuwa ameambiwa, kama mimi nilivyokuwa sijaambiwa. Upasuaji wa kano huliimarisha goti lisitoke ovyo, lakini haulirudishi kuwa kama lile la kuzaliwa nalo.

Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wanawake waliokatika kano hii wakicheza kandanda miaka 12 iliyotangulia. Wakati wa uchunguzi umri wao ulikuwa wastani wa miaka 31 tu, umri wa mama mwenye watoto wadogo. Nusu yao walikuwa tayari na baridi yabisi ya kuchakaa kwa goti iliyoonekana katika eksirei, na watu watatu kati ya kila wanne walisema goti linawasumbua katika maisha yao ya kila siku. Wanaume waliochunguzwa nchini humo miaka 14 baada ya kuumia hawakuwa mbali nao. Na katika makundi yote mawili, waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakutofautiana katika kuchakaa huko.

Kwa nini? Kwanza, kishindo kile cha siku ya kwanza hulijeruhi gegedu na mfupa ulio chini yake, na hilo halishonwi. Pili, mara nyingi ule mwezi mwandamo nao huchanika, na ukitolewa, kishindo chote huliangukia gegedu. Ndiyo maana siku hizi mabingwa hujitahidi kuushona badala ya kuukata, tofauti na enzi za goti langu. Tatu, misuli ya paja hunywea na mtu huanza kutembea kwa namna nyingine bila kujijua. Nne, na hili ndilo baya zaidi, ni kuumia mara ya pili.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi upasuaji ni bure. Roberto Baggio, ambaye wengi tunamkumbuka kwa penalti aliyoipaisha Marekani mwaka 1994, alikatika kano ya goti mwaka 1985 akiwa kijana wa miaka 18, akapasuliwa Ufaransa na akacheza hadi mwaka 2004. Roy Keane wa Manchester United aliumia Septemba 1997, akakaa nje msimu mzima uliobaki, kisha akarudi kuwa nahodha wa timu iliyotwaa vikombe vitatu mwaka 1999. Lakini watu hao walikuwa na madaktari, wakandaji waliosomea, mabwawa ya kuogelea na mishahara iliyoendelea kuingia wakiwa kitandani. Kijana wa boda boda ana pikipiki ya mkopo.

Wala si lazima kila mtu apasuliwe. Sweden hiyo hiyo iliwagawa vijana 121 waliokatika kano katika makundi mawili: wengine wapasuliwe mapema, wengine waanze na mazoezi na wapasuliwe baadaye ikiwa goti litaendelea kuwatoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 na mwaka 2013. Baada ya miaka miwili, na hata mitano, makundi hayo hayakupitana kwa maumivu wala kwa utendaji, na nusu ya wale wa mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Hii ni habari njema kwa mahali ambapo mpasuaji yuko mbali. Mchungaji anayetembea mbele moja kwa moja nyuma ya mbuzi wake anaweza kuishi na goti lisilo na kano hiyo iwapo misuli yake ni imara. Anayehitaji kupasuliwa zaidi ni yule ambaye goti humtoka hata akitembea, yule ambaye limekwama, na mchezaji anayetaka kurudia michezo ya kukata kona na kuruka.

Kigoda, jiwe na leso

Dawa kubwa ya goti lililoumia, lipasuliwe lisipasuliwe, ni misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma. Misuli ikiwa na nguvu huchukua sehemu ya kazi ya kano na hupunguza kishindo kabla hakijafika kwenye gegedu. Na gegedu lenyewe, kwa kuwa halina damu, hulishwa na majimaji ya ndani ya goti, nayo huingia na kutoka kama maji katika sifongo kila goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Goti lisilotembezwa hufa njaa.

Kazi ya kwanza baada ya kupasuliwa ni kulinyoosha goti hadi mwisho, sawasawa na lile zima. Wengi hulala na mto chini ya goti kwa kuwa hapo ndipo wanapopata nafuu, kumbe goti linagandia katika kupinda na baadaye mtu anatembea akichechemea milele. Kama ni mto, uwekwe chini ya kisigino. Kaza paja huku ukisukuma goti chini kwenye leso iliyokunjwa, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Kisha inua mguu ukiwa umenyooka. Siku zikisonga, na mtaalamu wa viungo akikubali, unainuka kutoka kitini bila kushika kitu, unapanda na kushuka jiwe la urefu wa shubiri moja, unasimama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki. Ukilala chali na kuinua makalio kwa kukanyaga visigino, unaijenga misuli ya nyuma ya paja. Kwa aliyechukuliwa kano ya nyuma ya paja ili ijengewe ya goti, zoezi hili lingoje ruhusa.

Vitabu vya wazungu huhimiza sana kuogelea. Ukiwa Lodwar, Turkwel una maji ya matope na mkondo wake husomba watu ukifurika, na Ziwa Turkana lina mamba kuliko mahali pengi duniani. Mimi nilichagua baiskeli. Kiti kiinuliwe juu ili goti lisikunjwe mno, na uendeshe alfajiri kabla jua halijawa kali. Baiskeli hulizungusha goti bila kulibebesha mwili wote. Mchanga mzito wa mtoni ni mzuri kwa paja la mtu aliyekwisha pata nguvu, ila kwa goti changa ni mtego, kwa sababu hujui mguu utazama upande gani.

Ekicholong nacho nina neno nacho. Ni kifupi mno kwa goti la miezi ya kwanza. Kuinuka kutoka pale ni sawa na kuinuka kutoka kuchuchumaa, na shinikizo nyuma ya pia ya goti ni kubwa. Mzee wa Kituruka hawezi kuambiwa aache kigoda chake, nami sithubutu. Lakini kwa mwaka wa kwanza mtu atafutiwe kiti cha kimo cha kawaida, na chooni awekewe kitu cha kushikilia.

Uzito wa mwili ni habari nyingine. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Tangu makao makuu ya kaunti yaanze kazi Lodwar mwaka 2013, kwa macho yangu vitambi vya ofisini vimeongezeka, na wenye vitambi hivyo wahesabu wenyewe. Kambini mambo ni kinyume. Misuli haijengwi kwa mazoezi matupu. Huhitaji maharagwe, maziwa, nyama au samaki, na mwaka 2025 mgao wa chakula wa wakimbizi ulipunguzwa sana. Mtaalamu wa viungo anaweza kumwamuru mgonjwa apande jiwe mara thelathini, naye akakosa la kumjibu anapoambiwa kwamba nyumbani wamekula mara moja tangu jana.

Kuhusu dawa, tahadhari. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na Brufen hupatikana kila duka, na ni vizuri kwa siku chache. Vikimezwa kila siku kwa miezi hutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa katika joto la Turkana ambako mtu hushinda bila maji ya kutosha. Sindano za steroidi ndani ya goti hutuliza kwa majuma kadhaa, lakini zikirudiwa rudiwa huweza kuharakisha kulika kwa gegedu. Na yule anayechomwa sindano ya ganzi ili acheze fainali anauza goti lake kwa kombe la bati.

Njia ya Eldoret

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama kilomita 300, bado Eldoret iko mbele. Ukiwa Lodwar kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na Kakuma ina hospitali ya misheni na hospitali kuu ya kambini ya Ammusait. Huko ndiko pa kuanzia, lakini ujenzi wa kano mara nyingi humpeleka mtu Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Kijabe, au Nairobi. Mkimbizi, kwa miaka mingi, amehitaji pia kibali cha safari kabla ya kuondoka Kakuma. Kwa Mkenya, bima ya zamani ya NHIF ilitoa nafasi kwa SHA Oktoba 2024, na ni busara kuuliza mapema, tena kwa maandishi, italipa kiasi gani na mgonjwa atatoa kiasi gani, kabla ngamia hajafika mnadani.

Urefu huo wa njia una hatari ambayo wachache huambiwa. Mtu aliyepasuliwa mguu akiketi katika basi saa nyingi bila kusogea, damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na bonge hilo likipanda hadi mapafuni huua. Ulizia daktari kabla ya kutolewa kama unafaa kusafiri. Njiani chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji, shuka kila basi linaposimama. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, usingoje kufika nyumbani. Vilevile goti likiwa la moto, jekundu, nawe una homa, hiyo ni hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Jambo jingine ni karatasi. Kabla hujaondoka hospitali ya mbali, dai maandishi: kano ilijengwa kwa nini, gegedu lilishonwa au lilikatwa, lini mguu ukanyagwe, mazoezi ya juma hadi juma. Mtaalamu wa Lodwar au Kakuma akiipata karatasi hiyo anaweza kuendelea kutoka pale mwenzake alipoachia. Asipoipata, anabahatisha.

Miezi tisa

Kano mpya mara nyingi hukatwa katika ukano wa mgonjwa mwenyewe, chini ya pia ya goti au nyuma ya paja. Ikishapandikizwa, kwanza hudhoofika, ndipo mwili huipelekea damu na kuigeuza polepole kuwa kano halisi. Kazi hiyo haimaliziki kwa miezi minne. Uchungu huisha mapema sana kuliko udhaifu, na hapo ndipo vijana wanapoponzeka.

Watafiti wa Oslo, Norwei, waliwafuata wagonjwa 106 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Hadi kufikia mwezi wa tisa, kila mwezi mmoja ambao mchezaji alingoja ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Waliorudi bila kufaulu majaribio ya nguvu na kuruka waliumia tena karibu wanne katika kila kumi. Waliofaulu kwanza ndipo wakarudi, hawakufika sita katika mia. Na majaribio yenyewe mengine hayataki mashine. Ruka mara tatu mfululizo kwa mguu mzima, upime. Ruka kwa mguu uliopasuliwa, upime. Ukifika mita 4 kwa ule mzima, huu mwingine usipungue mita 3 na sentimita 60. Bila shaka hilo ni la miezi ya mwisho na mbele ya mtaalamu. Asije mtu akalijaribu kesho.

Wasichana wana sababu ya kusikiliza zaidi, kwani katika michezo ile ile wao hukatika kano hii mara mbili au tatu zaidi ya wavulana. Kakuma na Lodwar siku hizi wanacheza kandanda, na makocha wao wangefanya vyema kuyajua mazoezi ya kupasha mwili moto yaitwayo FIFA 11+. Huchukua dakika 20, hayahitaji chochote ila mpira, na hufundisha kutua na kugeuka goti likiwa limeelekea mbele. Mjini Lagos, Nigeria, yalijaribiwa kwa vijana 416 wa ligi ya chipukizi, na kufuatana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Mahali ambapo kano moja hugharimu zizi la mbuzi, sijui dakika 20 zenye faida kuliko hizo.

Viatu pia vitazamwe. James Nyang Chiengjiek, aliyekulia Kakuma na kukimbia katika timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, amesimulia jinsi wakimbiaji wa kambini walivyokuwa wakiumia kwa kuvaa viatu visivyowatosha. Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995 na kuchezea Australia Kombe la Dunia mwaka 2022, alianza kwa kupiga mpira peku, na mwaka 2014 yeye na kaka yake waliunda shirika la kupeleka njumu kambini. Ni jambo jema. Ila katika ardhi ngumu ya Turkana, njumu zenye meno marefu huushika mguu mwili unapogeuka, kwa hiyo meno mafupi ni afadhali.

Haya yote nilimweleza kijana wangu pale kando ya Tarach, si kwa mpangilio huu, na mara kwa mara tulikatizwa na kelele za goli. Aliniuliza kama goti lake litakuja kuwa kama langu. Nilimwambia sijui, lakini ana mambo mawili ambayo mimi sikuwa nayo: mwezi mwandamo wake ulishonwa, haukutolewa, na bado hajarudi uwanjani. Nilimwambia pia kwamba akiikata kano hiyo tena, nyumbani hakuna ngamia wa pili.

Alinyamaza. Baadaye alianza kuhesabu kwa vidole, Septemba, Oktoba, Novemba, akizungusha mpaka kidole cha tisa.

"Mei," alisema. "Lakini mwalimu, Mei mvua ikinyesha huu mto hujaa. Hatuwezi hata kuvuka kuja kiwanjani."

Mpira ulitoka nje ukabingirika hadi miguuni pake. Aliutazama kidogo, kisha akainama, akauokota kwa mikono na kuurusha ndani.